Sehemu C: Chanzo cha Tatizo

Fomu ina kurasa nne. Naijaza kwa kalamu ya bluu,
maana mwaka jana walisema nyeusi inafanana na nakala.
Jina la mradi: Mfereji wa Pili, Ubaruku.
Jina la mwombaji: Lutengano Mwasanguti, katibu.
Aina ya mmea: gugumaji.
Ukubwa wa eneo lililoathirika —

hapo kalamu husita.
Nilipoanza fomu hii, Jumatatu,
gugu lilikuwa limefika lango la kwa Sekinyaga.
Leo Alhamisi limeshapita,
limebeba na ndala ya mtoto wa watu.

Gugu halina mwaka wa fedha.
Halifungi vitabu tarehe thelathini Juni.
Lenyewe huzaa pacha kila nusu mwezi,
na sisi tuliomba milioni kumi na nane,
wilaya ikapunguza, ikaandika tisa,
mkoa ukaitazama tisa, ukaisoma tano,
na lilipofika fungu, mwezi wa tano, mpunga umeshainama,
zilikuwa mbili na laki tatu
na jozi thelathini za mabuti,
zote namba arobaini na tano.

Tumwitike akavaa. Akashindilia matambara puani mwa buti,
akatembea kama bata, tukacheka mpaka machozi.
Kisha akaingia majini.
Mguu ukatoka, buti likabaki kwenye tope,
liko huko hadi leo.
Kwenye daftari la mali nimeandika: jozi ishirini na tisa na nusu.
Mkaguzi alitoka Mbeya kuja kuuliza hiyo nusu.
Posho yake ya siku mbili
ingenunua reki kumi na moja.

Mbinu zinazotumika: mikono.
Unalivuta, mizizi myeusi kama ndevu za mzimu,
zito, linachuruzika, linakulowesha mpaka kiunoni.
Unalirundika ukingoni, unajinyoosha, unasema basi.
Usiku mvua inanyesha kule Kipengere,
asubuhi mfereji umefurika, umelichukua tena,
kama mama anayemfuata mwanawe polisi.
Huku chini, kwa Kyando, ardhi inapasuka;
mpunga wake umesimama wima, mkavu, haujui pa kwenda,
kama mwanafunzi aliyerudishwa ada.

Sehemu C: Chanzo cha tatizo.
Wameacha mstari mmoja.
Miaka mitatu nimeandika: Hakijulikani.

Anyelwisye alikwenda Mwanza kumzika shangazi yake.
Alirudi na kopo la rangi katikati ya miguu,
siku mbili ndani ya basi, hakulala, asije akalimwaga.
Akalifungua mbele yangu kama mtu anayefungua barua.
Ua la zambarau, na jicho la njano kwenye petali moja.
"Linakutazama," akasema.
Akalihamishia kwenye ndoo iliyokatika mpini,
akaiweka barazani,
na kila asubuhi alilisalimia lenyewe kwanza,
mimi baadaye.

Alipofariki, ndugu walipanga nyumba, wakagawana vitenge.
Ndoo hakuna aliyeitaka. Maji yalikuwa yananuka.
Niliibeba mwenyewe, usiku, sikutaka kuonekana nalia na ndoo,
nikaenda nayo hadi mferejini
nikaimwaga.
Nilidhani namwaga kitu kilichokwisha kufa.

Sasa kalamu imefika tena hapo.
Mstari ni mfupi. Hautoshi ndoo,
hautoshi basi la kutoka Mwanza,
na jina lake sitaki lisomwe na watu wa mkoani
wakipiga miayo.
Nje, kutoka lango la Sekinyaga hadi darajani,
limechanua lote kwa siku moja.
Watoto wa shule wanapita wanachuma,
wanachomekana masikioni.
Linanitazama.

Hakijulikani, naandika. Nagonga muhuri.
Natoa stoo lile buti lililobaki bila mwenzake,
kulia buti, kushoto ndala,
nachukua reki,
nakwenda zamu ambayo si yangu.